Kumchagulia mzazi meno ya bandia: anza na kilichobaki mdomoni

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya meno, Tanga. Kazi yangu wagonjwa wengi hawaioni. Daktari anachukua chapa ya mdomo, sisi maabara tunaimwagia plasta, na juu ya plasta ile ndipo meno yanapopangwa. Wazee wengi nimeyajua mataya yao kabla sijaziona sura zao. Nikiishika plasta naweza kukuambia kwamba huyu meno yake yametoka moja moja kwa miaka, na huyu taya la chini limekwisha hadi limekuwa bapa, na seti nitakayomtengenezea itamsumbua hata niipange vipi.

Nawaandikia ninyi mnaompeleka Mama au Mzee kutafuta meno. Swali mnalokuja nalo ni yapi mazuri, na la pili ni bei gani. Maswali yote mawili ni haki yenu, ila yana zamu yake. Meno yaliyomfaa jirani yanaweza kuwa mateso kwa mama yako, kwa sababu midomo yao haifanani. Anzeni na kilichobaki: meno mangapi, yako upande gani, ufizi na mfupa vikoje, mate yapo au mdomo umekauka, mikono bado ina nguvu ya kuvua na kuvaa, na nani atakayekuwa anayasafisha.

Msikubali yang'olewe yote kwa haraka

Mzee akibakiwa na meno manne matano ya chini yaliyochakaa, mara nyingi ni yeye mwenyewe anayesema, "Ng'oeni yote nipate seti mpya, nipumzike." Watoto wanaitikia, maana wamechoka kumsikia akilalamika usiku. Hapo naomba msimame kidogo.

Mfupa wa taya unakaa kwa sababu ya mizizi ya meno. Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika huanza kupungua, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Taya la chini hupungua zaidi kuliko la juu, na ndilo lenye shida kubwa ya kushika meno ya bandia. Seti ya juu inafunika kaakaa lote, na kati yake na nyama ya kaakaa kuna utando mwembamba wa mate, basi inashikana kama vioo viwili vilivyolowa. Seti ya chini haina kaakaa la kushika. Ina umbo la kiatu cha farasi, imekaa juu ya ukingo mwembamba wa ufizi, na katikati kuna ulimi usiotulia. Ukitafuna inanyanyuka, ukipiga chafya inaruka. Wazee wanaorudi kwetu kulalamika, wengi wao wanalalamikia ya chini.

Kwa hiyo mzizi wowote wa taya la chini unaoweza kuokolewa ni mali. Chonge hasa, kwa kuwa mzizi wake ni mrefu. Daktari anaweza kuutibu mzizi, akalikata jino hadi usawa wa ufizi, na seti ya bandia ikakaa juu yake. Mfupa wa hapo hubaki, seti hupata mahali pa kuegemea, na mgonjwa bado anahisi anauma kwa nguvu kiasi gani. Muulizeni daktari kwa maneno haya haya: "Kuna mzizi wowote wa chini tunaoweza kuubakiza?" Akisema hakuna, kwa sababu meno yote yanacheza na usaha unatoka, sawa, ng'oeni. Jino bovu lenye usaha halifai kubembelezwa, na kwa mgonjwa wa kisukari linazidi kuipandisha sukari.

Kabla ya kung'oa, mwambieni daktari dawa zote anazotumia mzee. Msizitaje kwa kukumbuka, bebeni boksi zenyewe. Kuna tatu ninazotaka zisisahaulike: dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za kuimarisha mifupa (vidonge vya kila wiki au sindano za kila miezi kadhaa), na dawa za saratani. Zile za mifupa zinaweza kulifanya tundu la jino likatae kupona na mfupa wa taya ukafa sehemu. Na msimwachishe mzee dawa ya damu kwa uamuzi wenu nyumbani ili asitoke damu. Huo ni uamuzi wa daktari aliyemwandikia.

Huenda hahitaji chochote

Hili watu hawapendi kulisikia kutoka kwa mtu anayeishi kwa kutengeneza meno, lakini ni kweli. Mtu hahitaji meno 32 ili ale. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa Tanzania, wa watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, kuhusu watu waliopoteza magego. Waliobakiwa na meno ya mbele, yale madogo yanayofuata chonge, na angalau jozi moja ya magego yanayokutana, walitafuna vya kutosha. Shida kubwa ilikuwa kwa waliobakiwa na meno machache kabisa yanayokutana, hasa kwa vyakula vigumu.

Mketisheni mzee mezani mmwangalie. Anakula ugali, samaki, mchicha, ndizi bila tabu? Uzito wake haupungui? Anacheka bila kuziba mdomo kwa kiganja? Kama jibu ni ndiyo, na pengo liko nyuma, fedha hizo mzipeleke kwenye kusafisha ukoga na kuziba meno yaliyobaki. Kama amekuwa akichagua mchuzi tu kila siku na nyama anaiacha pembeni ya sahani, hapo tuzungumze meno.

Pengo la meno machache

Hapa kuna njia nne za kawaida, nami nitasema wazi ninachofikiri juu ya kila moja.

Akriliki, yaani plastiki ngumu, ya kuvaa na kuvua ndiyo rahisi kuliko zote. Ni nene mdomoni, na inaweza kuvunjika ikianguka sakafuni. Lakini kwa mzee ambaye meno yake yanaendelea kutoka ina sifa kubwa: jino jingine likitoka mwakani, mnatuletea seti ile ile tunaongeza jino. Ikivunjika tunaiunga. Ufizi ukishuka tunaijaza upande wa ndani.

Naironi, ile laini inayokunjika, watu huipenda kwa sababu haina waya unaoonekana na haivunjiki ovyo. Kwa kijana aliyepoteza jino moja la mbele inapendeza. Kwa mzee mimi huwa sina haraka nayo. Kuiongezea jino au kuijaza ndani ni kazi ngumu, mara nyingi inabidi kuanza upya. Tena ikiziba pengo refu la nyuma, kila anapotafuna inakandamiza ufizi.

Ya chuma, yaani fremu nyembamba ya kobalti na kromu, ndiyo ninayoipenda mtu akiwa na meno kadhaa imara ya kuegemea. Inakaa juu ya meno badala ya kulala yote kwenye ufizi, ni nyembamba, na mzee anaizoea upesi. Bei ni kubwa kuliko akriliki, na lazima meno yanayoishika yatibiwe kwanza.

Daraja ni la kudumu, halivuliwi. Linataka meno mazima pande zote mbili za pengo, na meno hayo huchongwa ili yavishwe kofia. Kwa mtu mwenye meno yanayocheza, daraja ni kujenga juu ya mchanga. Na chini ya daraja lazima pasafishwe kila siku kwa uzi au kiburashi chembamba. Kama vidole vya Mzee vinatetemeka, jiulizeni nani atafanya hivyo.

Ipo na njia ya tano, ambayo naikataa kabisa. Wapo vishoka wanaokuja hadi nyumbani, wanachanganya akriliki ya kujigandisha, wanaibandika kwenye pengo na kuifunga kwa waya kwenye meno ya jirani, na kazi inakwisha siku hiyo hiyo. Hakuna chapa iliyochukuliwa, na haitoki tena. Chakula kinaozea chini yake, ufizi unavimba, na meno mazima yaliyofungwa waya yanaanza kucheza. Nimepokea plasta za watu walioingia kwa kishoka na pengo moja wakatoka na mapengo matatu. Daktari wa meno ana usajili. Tanzania Bara ni wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya wana baraza lao la madaktari na madaktari wa meno. Kuuliza namba ya usajili si kumvunjia mtu heshima.

Hakuna hata jino moja

Seti kamili ya akriliki, juu na chini, bado ndiyo njia ya wengi, na ikitengenezwa vizuri inamrudishia mtu uso wake. Mdomo uliokuwa umezama unajaa, maneno yananyooka. Lakini mwambieni Mama ukweli mapema: nguvu ya kutafuna itakuwa takriban robo ya ile ya meno yake ya zamani, au chini ya hapo. Mihogo iliyoiva vizuri, samaki na ndizi atakula. Miwa ya kumenya kwa meno na mahindi ya kuchoma ya kuguguna, hapana. Aliyeahidiwa kwamba atakula kila kitu ndiye anayeitia seti kabatini baada ya wiki mbili.

Kama mna uwezo, fedha yenu iwekeni kwenye taya la chini. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa, na mfupa unashikamana nayo. Kazi hii alianza nayo Per-Ingvar Brånemark kule Gothenburg, Sweden, na mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965. Watu wakisikia kipandikizi wanafikiri lazima kila jino liwe na lake, wanakata tamaa kwa gharama. Kwa taya la chini lisilo na jino vinaweza kutosha viwili tu, mbele, na seti ya kuvua inajibana juu yake kwa vibonyezo. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walisema hiyo ndiyo inayopaswa kuwa chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Juu, seti ya kawaida mara nyingi inatosha.

Umri peke yake hauzuii. Mtu wa miaka 78 mwenye afya anaweza kupandikizwa. Vinavyozuia au kuleta hatari ni kisukari kisichodhibitiwa, sigara, mionzi iliyowahi kupigwa kwenye taya, na zile dawa za mifupa nilizozitaja. Mfupa unahitaji miezi mitatu hadi sita kushikamana, kwa hiyo haraka haifai. Na kama mzee atapandikizwa India au Uarabuni anakokwenda kutibiwa au kutembelea watoto, asirudi bila karatasi yenye jina la aina ya kipandikizi na vipimo vyake. Vile vibonyezo huchakaa na kubadilishwa. Bila karatasi ile tunakaa kubahatisha ni vya kiwanda gani.

Kuhusu malipo, ulizeni bima yenu kwa maandishi kama inalipia meno ya bandia, ya aina gani, na baada ya muda gani inalipia tena. Bima kulipia kung'oa na kuziba hakumaanishi italipia seti. Na bei mtakayotajiwa ulizeni inajumuisha nini: marekebisho baada ya kuvalishwa yamo, au kila kurudi ni pesa?

Siku ya kujaribu meno kwenye nta

Seti kamili kwa kawaida huchukua miadi minne au mitano. Chapa ya kwanza, chapa ya pili ya uangalifu zaidi, kupima kimo cha kuuma (mataya yaachane kiasi gani meno yanapokutana), kisha siku ambayo meno yamepangwa kwenye nta na mzee anayajaribu. Siku hiyo ya nta mwanafamilia asikose. Ni mara ya mwisho ambapo kubadilisha ni rahisi. Tukishaipika akriliki, meno yameshika.

Mzee avae, akae wima, azungumze. Ahesabu kwa sauti kutoka sitini hadi sabini na saba. Ile "s" ya sitini na sita, sabini na saba, ikitoka kwa mluzi au kwa kitembe, meno ya mbele yanahitaji kusogezwa. Aseme "fundi", "fedha", "vifaa": ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini taratibu bila kuuchoma. Aseme "mama, mimi, mumewe". Katika maneno haya meno ya juu na ya chini yasigongane. Yakigongana, kimo kimezidi, na atachoka mataya kila jioni. Kikipungua, pembe za midomo zitakunjana, mate yatatuama pale na ngozi itachanika.

Halafu sura. Mleteeni daktari picha ya zamani, ya harusi au ya kitambulisho, yoyote inayoonyesha meno. Kama Bibi alikuwa na mwanya, semeni. Ninaweza kuupanga mwanya kwa upana ule ule, na nimeona bibi akijitazama kwenye kioo, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, umenirudisha." Meno yanakuja kutoka kiwandani yakiwa yamesimama sawasawa; tusipoambiwa tutayapanga hivyo hivyo.

Rangi nayo. Wengi wanachagua nyeupe kuliko zote kwenye kibao cha rangi, na kwa uso wa miaka sabini nyeupe ile inaonekana kutoka mbali. Kwa aliyebakiwa na meno yake, rangi ifuate yaliyobaki. Wazee waliokulia Arusha, upande wa Meru, kwenye maji yenye floridi nyingi, meno yao yana madoa ya kahawia. Jino moja jeupe pee katikati yao linamharibu mtu. Tunaweza kulitia jino la bandia doa. Ulizeni pia rangi ya ufizi. Akriliki ya kawaida ni ya waridi, na ufizi wa wengi wetu ni wa kahawia au mweusi kiasi. Ipo akriliki yenye rangi hiyo, au tunaweza kuitia rangi. Mwenye kucheka akaonyesha ufizi ataijua tofauti.

Kama sherehe ndiyo inayowasukuma, anzeni miezi mitatu kabla. Aliyeng'olewa karibuni ufizi wake unahitaji wiki sita hadi nane, au zaidi, kabla ya kuchukuliwa chapa ya seti ya kudumu. Ipo seti ya kuvaa siku ile ile ya kung'olewa, inasaidia mtu asikae bila meno, lakini ufizi ukishuka italegea, na lazima ijazwe ndani baada ya miezi michache. Msishangae, ndivyo ilivyo.

Mwezi wa kwanza

Mate yatakuwa mengi siku za mwanzo, kisha yatapungua. Aanze na uji, wali laini, ndizi za kupika, samaki asiye na miiba, vipande vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja. Asome gazeti kwa sauti kila siku ili ulimi uzoee.

Vidonda vitatokea. Hilo ni la kawaida na dawa yake ni kurudi kwa daktari. Asikae nyumbani akaisugua seti kwa msasa au tupa, maana anayeitoa nje ya kipimo namna hiyo anatulazimisha kuanza upya. Akiwa na kidonda anaweza kuivua apumzike, lakini asubuhi ya kwenda kwa daktari aivae, ili alama ya mahali panapouma ionekane. Kidonda kisichopona wiki mbili au tatu baada ya seti kurekebishwa kipimwe, hasa kwa anayetumia tumbaku, ughoro au tambuu, kwa sababu saratani ya mdomo huanza kimya kimya namna hiyo.

Usiku avue. Ufizi unahitaji kupumzika, na anayelala nayo anajiletea fangasi ya kaakaa, wekundu ambao mara nyingi hauumi na kwa hiyo haumshtui. Asafishe kwa burashi laini na sabuni ya kawaida ya maji. Dawa ya meno yenye chengachenga inaikwaruza akriliki, na majivu au mkaa ndiyo zaidi. Maji ya moto yanaipinda. Asafishie juu ya beseni lenye maji, ikimponyoka iangukie majini. Kisha ilale kwenye kikombe cha maji baridi. Ufizi na ulimi navyo vipigwe burashi.

Mwenye kiharusi au anayeanza kusahau mambo hawezi kuyafanya haya peke yake. Kwake chagueni kitu rahisi kuvua, na mmoja wenu ashike zamu ya jioni. Tuombeni tuandike jina lake ndani ya akriliki. Ni kazi ndogo. Mzee akilazwa, seti huvuliwa, huzungushiwa tishu, huwekwa kwenye trei ya chakula, na hapo ndipo zinapopotelea.

Seti ikifika miaka mitano hivi, hata kama hailalamikiwi, ikaguliwe, kwa kuwa mfupa unaendelea kushuka chini yake. Na mkitengeneza mpya, ile ya zamani msiitupe. Ileteni maabara pamoja na mzee. Aliyevaa meno kwa miaka kumi na tano, ulimi wake unaijua kila pembe ya seti ile, nasi tunaweza kuinakili umbo tukabadilisha kilichochakaa tu. Kwa mtu wa miaka themanini, hilo mara nyingi linamfaa kuliko seti nzuri zaidi ya umbo geni.